Faili Lilisema Nina Pumu

Daktari aliyenikataa hakuwahi kuniona. Hakunipima mapigo ya moyo, hakunisikiliza nikihema, hakuijua hata sura yangu. Alifungua faili langu kwenye kompyuta katika kituo cha kupima afya za wanaoomba kujiunga na majeshi ya Marekani, akasoma, akaandika kwamba sifai. Sajini aliyekuwa akishughulikia maombi yangu alinipigia simu jioni, nikiwa napanga bidhaa katika duka nilikoajiriwa. "Pumu," alisema, "baada ya kutimiza miaka 13." Nikamwambia sijawahi kuugua pumu maishani mwangu. Akanijibu bila ukali wowote: "Faili linasema umeugua."

Ulikuwa mwaka 2022, nami nilikuwa na miaka 18. Tulikuwa tukiishi Austin, Texas, mimi, mama na wadogo zangu, tangu mama aliposhinda bahati nasibu ya viza tukahama Morogoro mwaka 2016. Nilitaka jeshi kwa sababu nilitaka kuwa tabibu wa askari, yule anayemfikia majeruhi kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilitaka pia ada ya chuo, na uraia, na sioni haya kuyataja hayo. Mama alikuwa akikesha katika nyumba ya kutunzia wazee, akiwageuza kitandani watu wazito kuliko yeye, na asubuhi nilikuwa nikiuona mkesha wake kwa jinsi alivyoshika kiuno akipanda ngazi. Nilipomwambia kwamba nimekataliwa kwa ugonjwa, hakulia wala hakulaumu mtu. Aliniuliza, "Pumu gani? Ya nani?"

Lazima niseme mapema kwamba sikuwa na ugomvi na kanuni yenyewe. Pumu si jambo la mzaha jeshini. Kuruta huingizwa kwenye chumba cha gesi ya machozi, na askari waliopelekwa Iraki na Afghanistani walivuta kwa miezi moshi wa mashimo makubwa ya kuchomea taka. Agosti ya mwaka huohuo wa 2022, Marekani ilipitisha sheria ya PACT, ambayo kwa askari waliotumikia huko inaihesabu pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi miongoni mwa magonjwa yanayochukuliwa kuwa yametokana na moshi ule. Nchi inayojua hayo ina kila sababu ya kuyachunga mapafu ya inaowapokea. Kanuni ya Wizara ya Ulinzi wakati huo ilisema mtu aliyekuwa na pumu baada ya kutimiza miaka 13 hapokelewi, isipokuwa apewe msamaha maalumu. Nilichokuwa nikibisha ni kimoja tu: mtu huyo si mimi.

Katika fomu ya afya nilikuwa nimeulizwa mambo mawili yanayokaribiana. Je, umewahi kuugua pumu? Je, umewahi kuandikiwa dawa ya kuvuta kwa mdomo? La kwanza nilijibu hapana. La pili nilijibu ndiyo, nikaeleza kwamba nilipewa mara moja nikiwa na kikohozi. Zamani maelezo hayo yangetosha kuanzisha mazungumzo, kwa kuwa jeshi lilitegemea zaidi yale ambayo mwombaji mwenyewe aliyasema na karatasi alizoleta. Machi 2022 vituo vya kupimia vilianza kutumia mfumo uitwao MHS Genesis, unaoweza kuvuta kumbukumbu za mtu kutoka hospitali na kliniki za kiraia. Jeshi lilianza kuona yale ambayo familia zilikwisha kuyasahau, na mengine ambayo hazikuwahi kuambiwa. Sisi tulikuwa katika kundi la pili.

Jambo lenyewe lilitokea Januari 2018. Anayeishi Austin anajua kwamba kati ya Desemba na Februari kuna miti vilimani, wenyeji huiita mierezi ya milimani, inayomwaga chavua nyingi kiasi kwamba ukiangalia kwa mbali utadhani msitu unafuka moshi. Watu hupiga chafya, macho huvimba, vifua hubana. Mwaka wa kwanza mgeni anaweza asipate kitu. Mwili huchukua misimu kadhaa kuuchukia ungaunga ule. Mimi ulinishika nikiwa na miaka 14. Nilikohoa usiku kucha, mama akanipeleka katika kliniki isiyohitaji miadi, tukangoja, tukaonwa upesi, tukatoka na dawa ya kuvuta aina ya albuterol. Nilipona. Hakuna aliyetutajia pumu, si kwa Kiingereza wala kwa lugha nyingine.

Lakini kila ziara ya tiba Marekani hufungwa kwa msimbo. Tangu Oktoba 2015 hospitali za huko hutumia orodha ya kimataifa ya ICD-10, ambamo kila ugonjwa una herufi na tarakimu zake. Mkamba wa ghafla ni J20. Pumu ni J45. Bima hailipi bila msimbo, na aliyenihudumia siku ile alichagua J45, ile ya pumu isiyofafanuliwa. Huenda alikuwa na haraka, huenda aliamini hivyo kweli. Mstari huo mmoja ulikaa kimya miaka minne, ukaamka siku nilipotaka kuapa.

Morogoro nilikulia katika utaratibu mwingine. Unakwenda zahanati na daftari lako ulilonunua dukani, muuguzi anaandika humo, daktari anaandika humo, unarudi nalo nyumbani na kuliweka kabatini pamoja na kadi ya kliniki. Utaratibu ule una kasoro zake: daftari hulowa, huibwa, hutafunwa na panya. Ila ulikuwa unajua kilichoandikwa juu yako, hata kama mwandiko wa daktari ulihitaji kusomewa na mtu wa duka la dawa. Tulipofika Marekani daftari lilihamia kwenye mashine za watu, na kwa kuwa hatukuliona tena, tukadhani halipo. Familia nyingi za wahamiaji ninazozifahamu zinaishi hivyo hadi leo. Hulipa bili, hutunza risiti, lakini hazijawahi kuomba kusoma mafaili yao.

Ushauri ulikuja kutoka kila upande. Mjomba wangu alisema nisipoteze muda kubishana na serikali. Nihamie jimbo jingine, nianze upya na sajini mwingine, na nikiulizwa dawa ya kuvuta nikanushe. "Ofisi haipendi maelezo mengi," aliniambia, "inapenda hapana." Mjomba si mtu mbaya. Aliishi miaka mingi kwenye foleni ambako aliyesema ukweli wote ndiye aliyerudishwa nyuma, na ushauri wake ulitoka huko. Nilimsikiliza hadi mwisho kwa sababu ni mkubwa wangu. Kisha nilimwambia, "Samahani mjomba, lakini hili siwezi." Sheria ya kijeshi ya Marekani ina kifungu cha 104a kinachoadhibu kujiandikisha kwa udanganyifu, na mtu asiye raia akisema uongo kwenye fomu ya serikali, uongo huo unaweza kumngoja kwenye meza ya mahojiano ya uraia. Zaidi ya sheria, kulikuwa na jambo lililoniumiza katika wazo lenyewe: nilikuwa nimesema kweli na kweli hiyo haikusikika, halafu dawa yake iwe kusema uongo.

Aliyenifungua macho ni Mkenya mmoja, jirani yetu kanisani, aliyestaafu jeshini baada ya miaka zaidi ya 20. Tulikuwa tukimwita Kaka ingawa umri wake ulikuwa wa baba. Alisoma ujumbe wa kukataliwa kwangu, akaniambia nimeelewa vibaya. Daktari wa kituo, alisema, hana mamlaka ya kusamehe. Kazi yake ni kulinganisha faili na kitabu cha kanuni: likikinzana, anaandika hafai, basi. Msamaha hutolewa na idara ya tiba ya jeshi lenyewe unaloomba kuingia, na kila jeshi huamua kivyake, ndiyo maana mtu anaweza kukataliwa na jeshi la wanamaji na kukubaliwa na la nchi kavu. "Huyu hajakwambia hapana," Kaka alisema. "Amekwambia kwamba ndiyo haiko mkononi mwake. Acha kumkasirikia. Mtengenezee kazi yule ambaye ndiyo iko kwake."

Nilikuwa nimetumia siku kadhaa nikitunga kichwani hotuba kwa mtu asiyeweza kunisaidia. Watu wengi wanaokataliwa kwa afya huishia hapo: humpigia sajini kelele, humwandikia mbunge wao barua ya uchungu, humlaani daktari, na hakuna hata karatasi moja mpya iliyoingia katika faili. Kilichonikataa kilikuwa maandishi, na kilichoweza kuyajibu kilikuwa maandishi mengine yenye nguvu zaidi.

Tulianza na haki ambayo sikujua ninayo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 ijulikanayo kama HIPAA, pamoja na kanuni zake, inampa mgonjwa haki ya kupata nakala ya kumbukumbu zake, na kwa kawaida kliniki hutakiwa kujibu ndani ya siku 30. Kliniki ile ilikuwa imeuzwa kwa kampuni nyingine, simu ikawa inatoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, fomu zangu zikapotea na kutumwa upya. Ukurasa ulipofika nilikaa nao mezani kwa muda mrefu. Humo mlikuwa na joto la mwili, uzito, maelezo ya kikohozi, sauti ya mluzi kidogo kifuani, albuterol, ushauri wa kumwona daktari wangu wa kawaida, na J45. Hapakuwa na kipimo chochote cha mapafu. Pumu yangu ilikuwa imethibitishwa na masikio ya mtu mmoja katika msimu wa chavua.

Mama ndiye aliyeleta kilichofuata. Ana bahasha kubwa ya kaki ambamo huweka kila kitu chenye tarehe, na humo ilikuwemo risiti ya daktari wetu wa watoto, ambaye tulikwenda kwake baada ya kliniki ile. Tuliomba kumbukumbu zake nazo zikasema mapafu safi, mzio wa msimu, dawa ya kuvuta isiendelee. Duka la dawa lilichapisha orodha ya dawa zangu zote: albuterol ilitolewa mara moja, haikurudiwa kamwe. Mwenye pumu kwa kawaida harudi nyumbani na kopo moja kisha akaishi miaka minne bila jingine. Shule nayo ilikuwa na fomu zangu za uchunguzi wa wanamichezo, maana Texas hairuhusu mwanafunzi kushindana bila uchunguzi wa afya uliotiwa saini, na mimi nilikuwa nikikimbia mbio za nyika. Mahali palipouliza kuhusu pumu palikuwa na jibu moja, na chini yake saini ya daktari aliyenipima kweli.

Kaka alisema hizo zote ni historia, na historia huweza kubishiwa. Kunahitajika kipimo cha leo. Mtaalamu wa mapafu alinipima kwanza kwa kupuliza kwenye mashine inayohesabu hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza. Kisha likaja jaribio la methakolini, nami nalieleza kwa kirefu kwa sababu vijana hutajiwa jina lake wakaogopa bure. Unakaa kitini pua imebanwa kwa kibanio. Unavuta mvuke wenye dawa kidogo sana, unangoja, unapuliza. Unavuta tena dawa ikiwa imeongezwa, unapuliza. Dawa hiyo huchokoza njia za hewa. Za mwenye pumu hushtuka na kubana mapema, na hewa ya sekunde ya kwanza ikishuka kwa asilimia 20 au zaidi, jaribio husimamishwa na mgonjwa hupewa dawa ya kufungua kifua. Za mtu asiye na pumu huvumilia hadi dozi za juu. Jaribio hili halithibitishi kila kitu, ila lina sifa moja kubwa: likitoka safi, ni vigumu sana mtu kuendelea kudai kwamba una pumu. Langu lilifika dozi ya mwisho na hewa yangu ikabaki karibu pale ilipoanzia. Mtaalamu aliandika barua fupi, sentensi zake kavu, na sijawahi kupenda barua kama ile.

Iliyobaki ni barua yangu mwenyewe. Kaka alinionya nisiombe huruma. Nisieleze mgongo wa mama wala ndoto zangu za utotoni. Wanaosoma hawapimi hamu, wanapima hatari. Nikaandika nusu ukurasa wa tarehe na matukio, kila sentensi ikiwa na karatasi inayoitetea. Sajini alipokea bahasha kwa mshangao kidogo. Namwelewa. Mwandikishaji hupimwa kwa idadi ya watu anaowaingiza, na faili la msamaha linakula muda wa waombaji watatu wepesi. Mwaka ule jeshi la nchi kavu lilikuwa likitafuta watu 60,000 na likamaliza likiwa na upungufu wa takriban 15,000. Presha ilikuwa juu ya sajini. Nilimpigia kila wiki, kwa adabu, nikiuliza swali lilelile: faili liko kwa nani leo?

Katika kungoja huko nilisoma habari za mwanamume mmoja wa Namibia aliyekataliwa na jeshi la nchi yake kwa sababu alikuwa na virusi vya Ukimwi, ingawa alikuwa na afya njema. Alikwenda Mahakama ya Kazi, na mwaka 2000 mahakama ikasema kuwa na virusi peke yake si sababu ya kumkatalia mtu jeshi. Ipimwe kinga yake na kiasi cha virusi mwilini, vikiwa katika hali nzuri achukuliwe. Afrika Kusini nayo, mwaka 2008, Mahakama Kuu ilikataa sera ya jeshi iliyowafungia mlango watu wote wenye virusi. Mimi nilikuwa napigania kitu kidogo sana kikilinganishwa na mzigo wa watu wale. Lakini walichokidai kilinipa nguvu: kwamba mtu apimwe yeye, asihukumiwe kwa jina la ugonjwa.

Haki hiyo haifungui kila mlango. Kijana mwenzangu wa kwaya alikusanya karatasi kwa bidii kuliko mimi, lakini sikio lake moja kweli halikusikia vizuri, na kila kipimo kipya kilirudia hilo. Alikataliwa mara ya mwisho, akaomba kazi ya ufundi wa ndege za kiraia, yuko huko sasa. Aibu aliyoibeba kwa miezi ile ndiyo ninayotamani angeepushwa nayo. Utafiti wa Wizara ya Ulinzi wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba ni asilimia 23 tu ya vijana wa Marekani wenye miaka 17 hadi 24 wanaoweza kupokelewa bila msamaha wowote. Kukataliwa ndiko kawaida. Kwetu lakini hupokewa kama siri ya familia, kana kwamba imegundulika laana.

Msamaha wangu ulikuja. Baada yake ndipo nilipoingia kituoni kwa miguu yangu: kibanda cha kupimia masikio, vitabu vya nukta za rangi, kutembea tumechuchumaa kama bata pamoja na wasichana nisiowajua. Daktari alinisikiliza kifua, akasema "safi", akageukia aliyefuata. Nikafanya mafunzo ya awali Fort Jackson, South Carolina, nikatoka chumba cha gesi nikitokwa machozi na kamasi kama kila mtu, kisha mafunzo ya utabibu Fort Sam Houston, San Antonio.

Leo mimi ndiye ninayeandika. Askari anakuja asubuhi kifua kikimbana, ana miaka 19, anataka kurudi kwa wenzake. Nikisikia mluzi naandika mluzi: upande gani, anapovuta au anapotoa pumzi, saa ngapi, baada ya nini. Neno pumu namwachia mwenye kipimo. Wenzangu wengine huniona mzito kwenye makaratasi, na wakati mwingine foleni hurefuka kwa ajili yangu. Sijapata njia nyingine ya kufanya kazi hii kwa dhamiri tulivu, kwa kuwa najua sentensi ya haraka inaweza kumfuata mtu mpaka mahali ambapo aliyeiandika hatakuwepo kuulizwa.

Nilirudi pia kwa kliniki ile. Kanuni zilezile za HIPAA zinamruhusu mgonjwa kuomba faili lake lirekebishwe, na kliniki hutakiwa kujibu ndani ya siku 60. Walikataa, wakisema yaliyoandikwa yanalingana na alichoona mhudumu siku ile. Lakini kukataa kwao hakufungi jambo: mgonjwa ana haki ya kuweka maelezo yake ya kupinga, na wakiutoa ukurasa ule kwa mtu mwingine lazima maelezo hayo yaambatane nao. Niliyaandika kwa mistari michache, nikataja jaribio la methakolini na tarehe yake.

Sasa binti wa dada mmoja Mkongomani wa mtaani kwetu anataka jeshi la anga. Kabla hajazungumza na sajini yeyote, tumeandika barua kwa kila kliniki aliyowahi kutibiwa tangu walipofika kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, tuyasome mafaili yake kabla hayajasomwa na wengine. Kliniki moja bado haijajibu. Jumatatu tutapiga simu tena.